Siku Ukuta wa Chuo Uliponiumbua

Nianze kwa kukiri kwamba tangu siku ile nikifika Omurushaka nashukia upande wa pili wa barabara, navuta kofia mpaka kwenye nyusi, na bado watu wananiona. "Deo, wiki sita!" wanapiga kelele, hasa waendesha bodaboda ambao abiria wakikosekana hawana kazi nyingine zaidi ya kunitafuta mimi, nami nacheka nao nisionekane nimeumia. Lakini nimeumia, na zaidi ya kuumia nimekasirika, na nikishawasimulia mtaniambia wenyewe kama nina haki ya kukasirika au ni kiburi tu cha mtu aliyeishia darasa la sita.

Mimi ni wa Igurwa kwa kuzaliwa, ila kukaa sijawahi kukaa. Nimechimba bati Kyerwa, nimepakia ndizi kwenye malori, nimekuwa fundi baiskeli Murongo kwa miezi minne mpaka siku nilipofungua gia ya baiskeli ya padri ili nione ndani kuna nini, nikashindwa kuirudisha. Ndiyo hulka yangu, nauliza na kufungua. Mwalimu wangu wa darasa la sita alinitoa nje mara nyingi kwa sababu ya maswali, mwisho nikaona nibaki huko huko nje. Kuandika mabango nilijifunza kwa kumtazama mzee mmoja wa Kayanga akiandika saluni, na Mungu anisamehe kwa kujisifu, mkono wangu umenyooka, nikiandika mstari bila rula unadhani nimetumia rula.

Lakini kuna kitu kimoja kimenitesa miaka yote, nacho ni umeme. Maji yanapita kwenye bomba kwa sababu bomba lina tundu. Waya nimeukata mara nyingi, hauna tundu, sasa huo umeme unapita wapi? Nimewauliza mafundi, wananiambia "unapita tu". Kwa hiyo Mkuu wa chuo kimoja cha ufundi njia ya Kihanga (jina la chuo nalihifadhi, sitaki kesi) aliponiita niandike ukuta wa mbele kabla ya mahafali, na nikajua kwamba hapo wanafundisha kushona, kuchomelea na umeme wa majumbani, moyo ulinidunda. Nikamwambia, "Mkuu, sitaki malipo. Nipe kiti darasa la umeme, mwaka mmoja."

Huyo Mkuu, Bwana Byaruhanga, ni mtu wa tai hata Jumamosi. Alicheka, kisha akatazama herufi nilizomwandikia kwenye kibao cha majaribio, akaacha kucheka.

"Kiti cha nyuma, karibu na mlango," akasema. "Na cheti hupati."

"Cheti cha nini, Mkuu? Mimi nataka kuelewa tu."

Tukashikana mikono. Nadhani sijawahi kutembea kwa furaha kama siku ile nilipotoka pale.

Akanipa karatasi iliyochapwa vizuri, juu ina jina la chuo na nembo, chini imeandikwa Dira, halafu Dhamira. Nikaisoma mara tatu. Dira yao ilikuwa kuwa kitovu cha ubora kinachotambulika katika ukanda huu. Nikarudi ofisini, nikabisha hodi.

"Mkuu, samahani. Kitovu cha ubora ndiyo nini?"

"Ni lugha ya kitaasisi."

"Sawa. Na hapa kwenye dhamira, huduma zenye tija, shindani na endelevu kwa wadau. Wadau ni wanafunzi?"

"Wanafunzi ni sehemu ya wadau."

"Na wanaoshindana ni akina nani?"

Akavua miwani. Akaniambia maneno ambayo naomba myakumbuke, maana yana sehemu yao katika mkasa huu: "Deo, ile karatasi imekaliwa semina siku mbili na bodi nzima. Wewe kazi yako ni rangi. Paka, usiulize." Nami kwa sababu ya kile kiti karibu na mlango nikanyamaza, kitu ambacho si kawaida yangu, na mnaona kilichonipata.

Sasa wiki hiyo hiyo nilikuwa na kazi nyingine ya Mzee Masoud wa Nkwenda, mfanyabiashara anayeuza chakula cha kuku na dawa za mifugo. Ni mtu mzima mwenye kanzu safi, babu yake alitoka Tanga, na Kiswahili chake ukikisikia unatamani akugombeze tu uendelee kusikia. Naye alikuwa amenipa karatasi ya kuandika ukutani mwa duka, nami nikamwomba asubiri mpaka mahafali yapite kwa sababu kazi za chuo zilikuwa nyingi. Karatasi zote mbili nilizikunja nikaziweka mfuko mmoja wa suruali.

Asubuhi ya kazi, nikiwa nimeshaandika jina la chuo juu kabisa kwa rangi ya bluu, akatoka jikoni Mama Jenerosa, mpishi wa chuo, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile yetu inayochemshwa ikiwa mbichi pamoja na majani ya kunukia kisha inakaushwa. Mgeni kwetu anapewa kahawa kabla ya jambo lolote, na kuikataa ni kama kumwambia mtu nyumba yake inanuka.

"Pokea, mwanangu," akasema, "mtu hawezi kupanda ngazi mdomo mtupu."

"Asante sana, mama, ila mikono yangu imejaa rangi."

"Basi nikumwagie mfukoni?"

Mfukoni kulikuwa na misumari. Ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo, mdogo kama punje ya kahawa yenyewe. Nikatoa zile karatasi mbili, nikachana sehemu ya juu ya zote, ile yenye majina na nembo (si majina nayajua? la chuo si nimeshaliandika?), nikavikunja vikawa kifuko, mama akanijazia kahawa, nikamshukuru kwa kuinama, nikarudisha mfukoni karatasi zisizo na vichwa. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo. Ni heri uharibu karatasi kuliko kuimwaga chini kahawa ya mama wa watu.

Nikatafuna, nikapanda ngazi, nikatoa karatasi, nikaanza. Dira: kuwa kitovu cha ubora. Ndiyo yenyewe. Dhamira: huduma zenye tija, shindani na endelevu kwa wadau wetu, kupitia ubunifu, weledi na teknolojia rafiki. Ndiyo yenyewe. Nikaandika kwa raha zote mpaka mstari wa mwisho wa dhamira uliosema "na matokeo yanayoonekana ndani ya wiki sita". Hapo brashi ikasimama. Nikajiuliza, huu mstari niliuona juzi? Na wiki sita za nini, wakati hapa watu wanakaa miaka miwili? Nikateremka ngazi mbili niende kuuliza. Nikakumbuka "Paka, usiulize." Nikapanda tena, nikapaka.

Mkuu alikuja kukagua jioni, mikono nyuma, akaenda kushoto, akaenda kulia, akasoma midomo ikicheza. Akasema, "Safi sana. Hata mikato iko mahali pake." Makamu wake akasoma, akasema imekaa kitaalamu. Walimu wakapiga picha mbele ya ukuta, mmoja mmoja na kwa makundi. Na kwa wiki tatu nzima, nasema wiki tatu, kila asubuhi mstarini Makamu aliwafanya wanafunzi waikariri dhamira hiyo kwa sauti, na niliisikia kwa masikio yangu siku nilipokwenda kumalizia geti, vijana mia na kitu wakiitikia kwa pamoja, "na matokeo yanayoonekana ndani ya wiki sita!" Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani ngojeni.

Siku ya mahafali nilivaa shati jipya. Mkuu mwenyewe alinipa kiti safu ya pili na kuninong'oneza, "Jumatatu unaanza, fundi," nami nikawa najaribu kutotabasamu kama mjinga. Maturubai yamefungwa, muziki unapigwa, wazazi wamejaa mpaka kwenye migomba. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja ofisa, mtu mwepesi wa kuongea. Alipofika kwenye hotuba akaweka karatasi zake chini na kusema hana haja ya kusoma hotuba wakati hotuba iko ukutani. Akageuka, akaanza kuusoma ukuta wangu kwenye maiki, neno kwa neno, na kila sentensi walimu wakipiga makofi. Nikawa nanong'ona maneno yale pamoja naye kama mtu anayesali.

"Na matokeo yanayoonekana ndani ya wiki sita!" akasoma. "Ndugu wazazi, mmesikia? Wiki sita! Hiki ndicho chuo cha kisasa."

Makofi. Lakini katikati ya makofi mzee mmoja wa Rugera, mkulima, mwenye koti la suti na gamboti, akanyoosha mkono na hakuushusha mpaka akapewa maiki.

"Shikamoo mheshimiwa," akaanza, ingawa mheshimiwa alikuwa mdogo kwake. "Mimi mwanangu anahitimu leo kuchomelea. Amekaa humu miaka miwili. Kama ni wiki sita, muda wote uliobaki alikuwa anafanya nini?"

Watu wakacheka. Mkuu akainuka haraka, akachukua maiki, na hapa ndugu zangu ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu angeweza kusema, "Mzee, hata mimi sijui, tutafuatilia." Hapana. Akasema, "Mzazi, nikufafanulie. Wiki sita ni kipimo cha kimkakati. Ni mtazamo wa matokeo ya awali unaotokana na mchakato shirikishi wa bodi yetu." Akaufafanua mstari ambao bodi yake haikuuandika kamwe! Akautetea kwa dakika nzima! Walimu wakapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga pia, nikajisemea kumbe ndiyo maana yake.

Ndipo kanzu nyeupe ilipoinuka upande wa wazazi wa washonaji. Mzee Masoud. Sikujua kama ana binti pale.

"Bismillahi," akasema, maiki hata hakuhitaji. "Mimi naitwa Masoud, mfanyabiashara wa Nkwenda, na binti yangu Zuhura yule pale na joho lake. Mheshimiwa, nisamehe sana, nilikuwa nimenyamaza nikidhani macho yangu yamezeeka. Maneno hayo ni ya duka langu."

"Duka gani, mzee?" mgeni rasmi akauliza.

"La chakula cha kuku, mama. Na hizo wiki sita ni za kuku wa nyama, tangu kifaranga mpaka sufuriani. Sasa bwana huyu anatuambia ni mtazamo. Mtazamo wa nani? Wa kuku?"

Sitaweza kuwaeleza kicheko kile. Kulikuwa na mama aliyelala kwenye mapaja ya jirani yake. Wahitimu walishika majoho yao wakainama, muziki ulizimwa ili watu wacheke vizuri, na kutoka nyuma kabisa sauti ikaanza kuwika, nyingine ikaitikia, mpaka uwanja mzima ukawa banda. Mkuu akasema kwenye maiki, kwa sauti niliyoiogopa, "Fundi wa ukuta yuko wapi?"

Nilikuwa njiani kwenda jikoni, nimeinama kati ya viti. Mama Jenerosa aliniona, na kwa kuwa hajui kudanganya akasema, "Huyu hapa, waitu, ndugu zangu, amekuja kuchukua mfuko wake." Na kweli mfuko wangu wa brashi ulikuwa jikoni tangu nilipomalizia geti, na ndani yake ile karatasi ya pili niliyoihamishia humo. Nikapelekwa mbele, mfuko mkononi, shati jipya limelowa mgongo mzima.

"Deo," akasema Mkuu, "umeandika nini kwenye ukuta wangu?"

"Mkuu, karatasi zilikuwa mbili. Nilichana juu nikafungia kahawa." (Kicheko tena.) "Ya chuo ninayo hapa."

"Soma! Wasikie maneno halisi ya chuo hiki."

Nikafungua karatasi, nikasoma kwenye maiki. Dira, kuwa kitovu cha ubora kinachotambulika katika ukanda huu. Dhamira, kutoa huduma zenye tija, shindani na endelevu kwa wadau wetu, kupitia ubunifu, weledi na teknolojia rafiki. Nilipofika "rafiki" nikainua macho nikawatazama watu. Walikuwa wanatazama ukuta, wananisikiliza, wanatazama tena ukuta.

"Sasa tofauti iko wapi?" akauliza mzee wa Rugera.

"Ukutani ni kinachoongoza, hapa ni kinachotambulika," nikasema, "na hapa hakuna wiki sita."

"Basi na mimi nipeni, nitayaweka kwenye shamba langu la maharage."

"Maneno haya yametokana na semina ya siku mbili!" Mkuu akapaza sauti.

Mzee Masoud akashika kiuno. "Siku mbili? Maskini roho yangu. Mimi nilimwomba kijana wa steshenari aniandikie kitu cha heshima, akaniandikia wakati nasubiri fotokopi."

Mkuu akanisogelea, akafunika maiki kwa kiganja, akaniambia kwa sauti ya chini, na harufu ya mafuta yake ya nywele naikumbuka mpaka leo: "Kile kiti bado unakitaka? Waambie kosa ni lako. Waambie wewe hukusoma, ndiyo maana hukuelewa maneno ya chuo. Halafu Jumatatu njoo darasani."

Niliyasema. Hiyo ndiyo aibu yangu yenyewe, kuliko kuku na kuliko kuwikiwa. Nilisimama mbele ya watu mia nne, baadhi yao wa Igurwa wanaomjua mama yangu, nikasema, "Ndugu wazazi, mimi niliishia darasa la sita. Sikuelewa maneno ya chuo, ndiyo maana nimekosea. Naombeni msamaha." Walimu wakapiga makofi. Wazazi hawakupiga.

Ningemrudishia Mkuu maiki hapo, leo ningekuwa najua umeme unapita wapi. Lakini ilikuwa bado mkononi mwangu, na kweli kabisa, bila ubaya wowote, nilitaka nisirudie kosa. Nikasema, "Ila Mkuu, kwa kuwa nitaandika upya, naomba unieleweshe hapa hapa mbele ya wote. Kitovu cha ubora ndiyo nini? Mtoto akiwa ndani ya kitovu cha ubora anafanyiwa nini ambacho asingefanyiwa nje?"

Mkuu akamtazama Makamu. Makamu akamtazama mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti wa bodi akafungua chupa yake ya maji, akanywa, akaifunga, akaifungua tena. Mgeni rasmi, aliyeusifu ukuta kwa dakika tano, akaangalia saa. Nilisubiri mpaka mtu wa muziki akaona huruma akawasha wimbo.

Nyuma ya maturubai Mkuu aliniambia nisikanyage darasa lake, wala Jumatatu wala siku nyingine. "Umenidhalilisha," akasema.

"Mkuu, mimi nimeuliza tu."

"Ndiyo hivyo. Umeuliza."

Siku ya pili yake nilirudi na ndoo ya chokaa, nikaufuta ukuta bila malipo, kwa sababu kazi ni yangu na jina ni langu. Mwalimu wa umeme alipita, akasimama, nikadhani ataniita pembeni anieleze hata kidogo kuhusu waya. Aliniambia nisimwagie chokaa maua. Ukuta huo hadi leo ni mweupe, bodi inasubiri semina nyingine.

Mzee Masoud ndiye aliyeniita Nkwenda wiki iliyofuata. Nilikwenda kwa woga. Alikuwa amekaa nje ya duka, akanitengea kiti.

"Yale maneno yangu uniandikie au usiniandikie?" akaniuliza.

"Wewe mzee unataka nini?"

"Nataka mtu mwenye kuku aingie."

Tukaandika: Chakula cha kuku kipo. Dawa ya minyoo ya ng'ombe ipo. Ijumaa mchana tumefunga. Aliisoma mara moja, akasema, "Basi, imetosha," na kabla rangi haijakauka mama mmoja akateremka kwenye pikipiki kuuliza pumba.

Sasa niambieni. Walionifukuza kwa kukosea maneno yao ndio hao hao walioshindwa kusema maneno yao yana maana gani, walioyasoma wiki tatu bila kuona ni ya mtu mwingine, walioyakaririsha watoto wa watu asubuhi na baridi ya Kihanga. Mimi nimeitwa mjinga mbele ya mji, wao bado wanavaa tai. Na mzazi wa Rugera aliyeuza ndizi zake ili mwanawe ajue kuchomelea, hakuna aliyemwambia kama kweli mwanawe anajua.

Nimeapa, na kiapo hiki nakishika ingawa kimeshaninyima kazi mbili mwaka huu, moja ya shule na moja ya ofisi: siandiki neno kwenye ukuta wa mtu mpaka mwenyewe anieleze maana yake nikaielewa. Wa shule aliniambia, "Kazi yako ni rangi." Nikafunga kopo langu, nikamwaga mafuta ya taa kwenye brashi kutoa rangi, nikaondoka kwa miguu mpaka Kayanga.